Uso kupinda ghafla, mtoto kuchelewa kukaa: wa Mbeya, Iringa na Njombe tuzungumze mazoezi

Fizio wa Uyole (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Kazi yangu ni mazoezi ya tiba, niko hospitalini hapa Mbeya. Kuna watu wa aina mbili wanaotufikia wakiwa wamechelewa, na inaniuma kila ninapowaona. Mmoja ni mtu mzima aliyeamka asubuhi akakuta mdomo umeenda upande, jicho moja halifumbi, akisukutua maji yanamtoka pembeni. Mwingine ni mama aliyebeba mtoto wa mwaka na nusu ambaye hajakaa, shingo inalegea, au miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Wa kwanza ameambiwa "huo ni upepo tu, utapita." Wa pili ameambiwa "usihangaike mwanangu, ukoo wao wanachelewa." Wote wawili wanakuja kwetu baada ya kuzunguka kwingine kote, na wote nawaambia jambo lilelile: mimi nakuonyesha, tiba yenyewe utaifanya nyumbani kwako, kila siku, kwa mikono yako. Ndiyo maana nimeona tuongee hapa hadharani, asome hata aliyeko Ludewa au Makete ambaye nauli ya kuja mjini ni mtihani.

Naanza na uso, maana huko siku tatu za mwanzo zina thamani kubwa.

Kila upande wa uso una mshipa wake wa fahamu, wa saba katika jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Mshipa huo unapita kwenye tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ukivimba humo ndani unajibana, na upande mzima wa uso unalala: paji, jicho, shavu, mdomo. Ukiona daktari ameandika "Bell" kwenye cheti, ndiyo hiyo. Ni jina la Charles Bell, mpasuaji wa Uskoti aliyeueleza mshipa huu mwaka 1821. Watafiti wengi wanavishuku virusi vya malengelenge ya mdomoni, ambavyo hujificha mwilini miaka mingi kisha vikaamka. Kwetu husingiziwa baridi ya Juni na Julai, au dirisha la basi lililoachwa wazi. Sibishani na mtu aliyeamka hivyo baada ya safari ya usiku. Ninachosema ni kwamba kujifunga mtandio usoni hakuondoi uvimbe kwenye mshipa.

Kwanza hakikisha si kiharusi. Mwambie mgonjwa anyanyue nyusi. Kama paji linakunjamana pande zote mbili lakini mdomo umepinda, hofia kiharusi, kwa sababu paji la uso linapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo na halilali kirahisi. Kama na paji limelala, mara nyingi ni mshipa wa uso. Lakini kipimo hiki kisimbakishe mtu nyumbani. Mkono ukilegea, maneno yakichanganyika, mwendo ukiyumba, nenda usiku huohuo.

Ukifika hospitali ndani ya saa 72, daktari anaweza kukuanzishia vidonge vya prednisoloni vya kupunguza uvimbe. Utafiti mkubwa wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa baada ya miezi 9, waliopona kabisa kati ya waliotumia dawa hiyo walikuwa asilimia 94, na kati ya wasioitumia asilimia 82. Angalieni hiyo namba ya pili. Wengi hupona hata bila dawa, na ndiyo sababu kila mwenye mafuta, chale au majani ya kuchemsha anaonekana kaponya. Wale wanaobaki na uso uliopinda maisha yao yote hawarudi kwa mganga kutoa ushuhuda. Na tafadhali, prednisoloni usijinunulie dukani. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au kifua kikuu lazima daktari ajue kwanza.

Utaombwa pia upime VVU. Usikasirike. Uso kupooza unaweza kuwa dalili ya mapema, na kanda yetu tunaijua: utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mkiona vipele vya maji sikioni, maumivu makali na kizunguzungu, huo ni mkanda wa jeshi uliovamia mshipa wa uso, unahitaji na dawa ya virusi. Mtoto ambaye sikio linatoa usaha halafu uso ukapinda, atibiwe sikio haraka, tatizo liko humo.

Sasa jicho, na hapa msome polepole. Uso unaweza kurudi wenyewe, lakini kioo cha jicho kikikauka kikapata kidonda, unaweza kupoteza kuona. Mchana weka matone ya kulainisha jicho mara kwa mara na uvae miwani, hasa wewe wa bodaboda. Usiku paka mafuta ya jicho ya duka la dawa, shusha kope ya juu kwa mgongo wa kidole mpaka jicho lifumbe kabisa, kisha bandika plasta laini ya karatasi ya kulishikilia. Hakikisha limefumba kweli kabla ya kubandika, maana plasta ikigusa jicho lililo wazi italikwaruza mpaka asubuhi. Jicho likiwa jekundu, likiuma, au likianza kuona ukungu, usingoje kesho.

Mazoezi yenyewe ni madogo kuliko watu wanavyofikiri. Wiki za mwanzo, uso ukiwa umelala kabisa, usiulazimishe. Sugua shavu taratibu kwa vidole, kutoka pembe ya mdomo kuelekea sikioni, na unapoongea au kula ushikilie mdomo usivutwe upande mzima. Misuli ikianza kucheza, na wengi huanza ndani ya wiki tatu, kaa mbele ya kioo mahali patulivu: nyanyua nyusi kidogo, kunja pua kidogo, tabasamu nusu. Pande mbili ziende sawa. Upande mzima ukizidi, upunguze. Mara chache tu kila zoezi, kisha pumzika, rudia baadaye. Kama miezi mitatu minne imepita na hakuna hata mtikisiko, rudi hospitali, daktari atafute chanzo kingine.

Ya watoto nitayaendeleza kadiri mnavyouliza, kwa sababu kila mtoto na lake.

Dereva wa Makambako

Mkuu asante sana, uzi huu ungekuwepo mwaka juzi ungenisaidia. Mimi iliniotea usukani, nikaona mate yanashuka. Kituo nilichoenda niliambiwa nitafune bigijii kutwa na nipulize maputo kwa nguvu. Nimefanya kwa bidii kubwa. Uso umerudi, ila nikitabasamu jicho linajifumba, nikila jicho hilohilo linatoa machozi. Picha za harusi ya mdogo wangu nimekataa kukaa mbele. Sasa kuna sehemu wananiambia nilipie mashine ya umeme ya kushtua misuli. Nilipe?

Fizio wa Uyole

Pole sana kaka. Usilipe kwanza, nisikilize.

Mshipa wa fahamu unaota upya kwa kasi ya kama milimita 1 kwa siku. Ulipokuwa unaota, nyuzi za kwenda mdomoni nyingine zimeingia njia ya jichoni, na za tezi ya mate zimekwenda kwenye tezi ya machozi. Kwa hiyo amri moja inafika sehemu mbili. Bigijii na maputo yanauzoesha uso kuvuta yote kwa pamoja, kwa nguvu. Ndiyo maana tunayakataza.

Mashine ya umeme: mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2011 hayakupata ushahidi mzuri kwamba inasaidia. Mazoezi yanayolengwa kwa tatizo la mtu yalikuwa na dalili nzuri zaidi, hasa kwa wenye tatizo la muda mrefu kama wewe. Fedha hiyo ibaki mfukoni.

Anza hivi. Kaa mbele ya kioo, legeza uso wote. Nyoosha shavu la upande ulioumwa: kidole gumba ndani ya mdomo, vidole viwili nje, vuta taratibu kushuka chini, shikilia, achia. Kisha tabasamu kidogo sana huku ukiliangalia jicho. Dakika jicho linapoanza kujikunja, simama hapohapo, rudi mwanzo. Unajifunza kutabasamu bila jicho kuitikia, na huwa inaanza kwa tabasamu ambalo mtu mwingine hawezi hata kuliona. Inachukua miezi. Nimeona watu wa umri wako wakibadilika, na kwa wale wenye mkazo mkubwa hospitali kubwa zina sindano ya kulegeza misuli hiyo. Hujachelewa.

Binti Kihesa

Kamwene wapendwa. Mimi nina kichanga, bado hajatimiza mwezi. Alikuwa mkubwa, kichwa kilitoka bega likakwama, manesi wakahangaika. Sasa mkono wa kulia umelala tu, kiganja kimegeukia nyuma. Mama mkwe wangu ananipenda na anampenda mjukuu, lakini kila akimuogesha anauvuta ule mkono ili "ukumbuke." Mtoto analia mpaka nashindwa kuangalia. Nimwambie nini?

Fizio wa Uyole

Kamwene dada, hongera kwa mtoto na pole kwa hilo.

Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba mishipa ya fahamu ya mkono inatokea shingoni, na bega lilipokwama ndiyo iliyovutika. Ukivuta mkono unavuta jeraha lenyewe. Umpeleke kwanza daktari aangalie kama mfupa wa bega au wa mkono haukuvunjika, maana ukivunjika kuna kusubiri kabla ya zoezi lolote.

Akisharuhusu, mazoezi ni laini na mama mkwe anaweza kuyafanya yeye. Mkono mmoja unalishika bega lisipande, mwingine unaunyanyua mkono wa mtoto taratibu, unauzungusha nje kiwiko kikiwa ubavuni, unakunja na kukunjua kiwiko, unafungua kiganja juu. Asilie. Akilia umezidisha. Fanyeni kila mnapobadilisha nepi. Mkimvalisha, ingizeni kwanza mkono unaoumwa. Mkimvua, utoke wa mwisho. Msimnyanyue kwa kumshika kwapani, na asilalie mkono huo.

Wengi wa watoto hawa hurudi vizuri. Tunachokiangalia sana ni kiwiko: akifika miezi 3 bila kuweza kukikunja mwenyewe, aonwe na daktari bingwa mapema, kwa sababu kuna upasuaji wa mishipa na haufai kucheleweshwa.

Mama L wa Tukuyu

Mleta uzi, Mungu akubariki. Naomba niseme ya mtoto wangu ili mama mwingine asome.

Wangu alizaliwa hakulia. Tuliambiwa ni mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo linalovuruga misuli na mwendo, baadaye sana, wakati wenzake wanakimbia. Mwili wake ni mgumu, ukimlaza anajikunja kinyumenyume. Jambo lililobadilisha maisha yetu si zoezi, ni kula. Huku kwetu mtoto mgonjwa hulazwa chali mapajani akanyweshwa uji kwa kiganja. Wa kwangu alikuwa anapaliwa kila mlo, kifua hakikauki, nimonia kila msimu wa baridi. Dada wa mazoezi alitufundisha akae wima, kiuno kimekunjwa, kichwa kimeinama mbele kidogo, kidevu karibu na kifua. Kijiko kidogo kisicho na kina, kinaingia sawa katikati, unabonyeza ulimi kidogo, unasubiri afunge mdomo mwenyewe ndipo unatoa. Humwagi kwenye fizi ya juu. Uji uwe mzito kiasi, ule mwembamba ndio unaokimbilia njia ya hewa. Nikachanganya parachichi lililopondwa, maana Rungwe parachichi hatulilii. Alipoongezeka uzito, hata mazoezi yakawa na mtu wa kuyafanya.

Kiti chake alitengeneza fundi seremala jirani kwa mabanzi. Mbao mbili zinakutana mgongoni kwa pembe, mabega yake yanaletwa mbele, hawezi kujirusha nyuma. Katikati ya mapaja kuna kigingi kifupi tulichokizungushia kitenge, miguu isibanane. Mbele kimeza. Siku ya kwanza alipokaa humo aliiangalia mikono yake mwenyewe muda mrefu sana, akaigonganisha. Miaka yote hiyo alikuwa anaangalia dari.

Sasa swali langu. Mama mkwe amechimba shimo karibu na jiko, anamsimamisha humo na kumfukia mpaka kiunoni, anasema atapata nguvu za miguu. Mimi naogopa. Niogope?

Mkinga wa Mwanjelwa

Nisamehewe, ila naona mnaongea na watu wenye nafasi. Dada yangu ana mtoto wa namna hii. Anauza nyanya sokoni, anatoka alfajiri, baba wa mtoto alishaondoka siku aliposikia neno ulemavu. Kliniki anaambiwa mara mbili kwa wiki, kila safari nauli na siku nzima ya biashara imekufa. Halafu anaambiwa afanye mazoezi asubuhi, mchana na jioni. Kwa saa zipi? Mkimlaumu kwamba amemwacha mtoto, mtakuwa hamjui maisha yake.

Fizio wa Uyole

Mama L, nitakujibu habari ya shimo. Kaka wa Mwanjelwa ameleta hoja nzito, niruhusu nianze naye.

Kaka, sitamlaumu dada yako, na mtaalamu anayemlaumu hajui kazi. Mama ambaye kila kitu kiko mabegani mwake hapaswi kupewa mazoezi ya saa nzima. Anapaswa kuonyeshwa namna ya kufanya yale anayoyafanya tayari. Anamwogesha? Maji yawe ya uvuguvugu, misuli italainika. Humohumo ndani ya beseni afungue viganja vya mtoto kwa kuanzia shina la kidole gumba, asivute ncha za vidole, na atanue mapaja taratibu bila kushindana nayo. Anambeba? Amfunge na kitenge mgongoni miguu ikikumbatia kiuno chake, mapaja yametanuka. Hilo ni zoezi tosha kwa mtoto mwenye miguu inayopishana, na nyonga zinafaidika. Yuko sokoni? Amkalishe kwenye boksi gumu la pembe nyuma ya meza, miguu imetenganishwa na kitambaa kilichokunjwa, ampe nyanya mbili. Aziweke upande wa mkono ambao mtoto haupendi kuutumia. Mtoto akijinyoosha kuifuata nyanya, kiuno kimefanya kazi, bega limefanya kazi, macho yamefanya kazi.

Na hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu hata baadhi yetu wa fani bado tunakazania kumkanda mtoto na kumnyoosha akiwa amelala. Kukanda kunampa raha, lakini hakumfundishi kukaa. Ubongo wa mtoto unajifunza kwa kitu anachokitaka na anachojaribu yeye mwenyewe, mara nyingi, katikati ya maisha yake. Kwa mtoto mwenye upande mmoja dhaifu tunauvalisha ule mkono mzima soksi kwa muda mfupi wa mchezo, ili mkono dhaifu ulazimike kutafuta. Hiyo haina gharama. Dada yako aseme pale kliniki, bila aibu, "mimi nauza sokoni, nipangieni kulingana na siku yangu." Akiweza kwenda mara moja kwa mwezi akarudi na maelekezo matatu anayoyamudu, ni bora kuliko kukimbia kabisa.

Mama L, mama mkwe wako ana wazo ambalo si baya: kumsimamisha mtoto akiwa ameshikiliwa. Kusimama kunasaidia mifupa, nyonga na hata choo. Tatizo ni shimo. Humo ndani huoni nyayo, zinaweza kuwa zimejikunja chini ya uzito wake. Ardhi ya Tukuyu ni mbichi na baridi mwaka mzima, na baridi inamkaza misuli. Halafu karibu na jiko, mtoto mwenye mikono inayorukaruka! Nimeona majeraha ya moto kwa watoto hawa mpaka sitaki kuyaeleza. Msimwache karibu na jiko la mkaa, na Julai msilale nalo ndani mkafunga madirisha, hewa yake inaua. Kifaa cha kumsimamishia tutakiongea.

Nyote mjue pia: mtindio wa ubongo hauponi. Anayewauzia dawa ya kuuponya anakula fedha yenu. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini misuli iliyoachwa hufupika, na nyonga za asiyetembea zinaweza kuteguka polepole bila ninyi kuona. Ombeni picha ya nyonga mtoto akifika miaka miwili hivi, na irudiwe. Akiwa na kifafa, dawa zisikatishwe kwa kuwa ametulia.

Bibi Nesi wa Isanga

Hamjambo wajukuu. Nimestaafu ukunga, macho hayaoni vizuri kwenye simu lakini hili nitaliandika.

Mengi ya haya yanaanza wiki ya kwanza. Mtoto akiwa na manjano, msiishie kumwanika juani. Mtazameni mchana kwenye mwanga, mbonyezeni ngozi muione rangi yake. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto ananyonya kwa uvivu na kusinzia, mkimbizeni hospitali. Kule kuna taa za bluu zinazoyeyusha manjano. Manjano makali yakiingia ubongoni, mtoto huyo mtamwona mwaka ujao akijinyonganyonga na kushindwa kukaa. Na mtoto mwenye homa na degedege, nyie wa Kyela na Usangu kwenye mbu, msianzie kwa mganga. Malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo havisubiri.

Fizio wa Uyole

Shikamoo bibi. Ahsante, hapo umesema yote.

Baba Mpya Mafinga

Habari za humu. Wangu ana miezi 13, anatambaa vizuri, anasimama kwa kushika kochi, ila hatembei. Mama yake amenunua kile kigari cha matairi cha kumtumbukiza mtoto katikati. Jirani anasema wake alitembea miezi 9. Nihofu?

Fizio wa Uyole

Usihofu, na jirani asikupe presha. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa nchi tano na mwaka 2006 likatoa vipimo: kukaa bila kushikwa ni kati ya miezi 3.8 na 9.2, kusimama peke yake kati ya 6.9 na 16.9, kutembea peke yake kati ya 8.2 na 17.6. Wako yumo ndani kabisa. Kigari kitoe. Hakimwahishi kutembea, kinamwacha aning'inie kwa ncha za vidole, na kina kasi ya kumfikisha kwenye ngazi au kwenye jiko kabla hujainuka. Muache asukume stuli sakafuni.

Mzazi aje mapema akiona haya: mtoto wa miezi 4 ambaye shingo haijakaza, viganja vinavyobaki vimefumbatwa kila wakati baada ya miezi 4, mkono mmoja kutumika peke yake kabla ya mwaka, hiyo si "mashoto", upande wa pili una shida, hajakaa mpaka miezi 10, hajatembea mpaka miezi 18. Na mtoto aliyekuwa anafanya kitu halafu akaacha kukifanya, huyo hata siku moja asisubiri. Aliyezaliwa kabla ya wakati, umri wake wa vipimo hivi uhesabiwe tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Mtoto mwenye nyayo zilizopinda ndani tangu kuzaliwa aletwe wiki za kwanza: anafungwa hogo, ile plasta ngumu, na kubadilishwa kila wiki, wengi baada ya hapo wanakatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, kisha viatu vyenye chuma katikati, saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, halafu usiku tu mpaka karibu miaka minne. Wanaoacha viatu mapema ndio ambao miguu inarudi.

Mkinga wa Mwanjelwa

Nimemsomea dada kwenye simu. Ameuliza habari ya malipo.

Fizio wa Uyole

Aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, aulize siku ya kliniki ya watoto ya mazoezi kabla hajapoteza nauli. Wa Iringa na Njombe waanzie hospitali zao za rufaa za mkoa. Kwa sera, mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Akikwama dirishani asigeuke nyumbani, aombe aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ndiye mwenye kalamu ya msamaha. Barua ya serikali ya mtaa inamrahisishia.

Dereva wa Makambako

Mkuu nimeanza lile la kioo. Tabasamu langu la sasa mke wangu haoni kama nimetabasamu, lakini jicho limekaa wazi.

Fizio wa Uyole

Hapo hapo kaka. Usiliongeze mpaka likae lenyewe hivyo kila mara, ndipo uongeze kidogo.

Mama L wa Tukuyu

Nimeongea na mama mkwe, shimo tumelifukia, hakukasirika. Ameuliza tu, "sasa mtoto asimame wapi?" Fundi yupo na mbao ninazo. Nipe vipimo.

Fizio wa Uyole

Mpe mama shikamoo yangu. Kabla ya fundi, piga ile picha ya nyonga. Ikiwa salama, endelea.

Mlaze mtoto, mnyooshe, pima kutoka kisigino hadi chini kidogo ya kwapa. Hapo ndipo meza ya mbele itafika, ili mikono ikae juu yake na aweze kuchezea kitu. Ubao wa nyuma au mkanda mpana uyashike makalio, mkanda mwingine uyazuie magoti kwa mbele, chini ya kofia ya goti, wenye sponji na kitambaa. Nyayo zilale bapa kwenye ubao, viatu vigumu kama vipo, na katikati ya miguu pawe na kigingi kama cha kile kiti, ili isimame imetengana. Kitako cha kifaa kiwe kipana kuliko unavyodhani, kisipinduke anapojirusha. Aanze dakika tano tu, mama mkwe akae mbele yake wakichambua maharage pamoja, muongeze taratibu mpaka nusu saa. Ukimtoa, kagua magoti na visigino: wekundu usiopotea maana yake sponji iongezwe. Akianza kukua, fundi ainue meza. Mwambie asiipigilie misumari, atumie bolti.